Mikono ya Blauzi ya Tantine Masika

Wenzangu mafundi wa veranda, tangu nirudi mmeniuliza mmoja mmoja, na kila mmoja nimempa kipande. Marcelline anajua habari ya tope, mama wa cherehani ya kona anajua habari ya arusi, na nyote mnataka kujua miwani niliyowatumia picha yake kwa simu iko wapi, maana bado nawaomba mnitungie uzi. Nimechoka kusimulia huku mguu uko kwenye pedali. Nimeandika yote hapa kwa kufuata njia, anayetaka asome. Habari ya nauli na karatasi nimeiruka, haina utamu.

Kwanza mjue tulikuwa tunakwenda kufanya nini. Kahindo, binti wa kaka yangu Kambale aliyeko Oicha, alikuwa anaolewa na mwalimu aliyepangiwa kazi huko, mtu wa Kisangani. Katika ukoo wetu binti haondoki kwa baba yake mpaka shangazi mkubwa amshike mkono na kumvusha mlangoni. Shangazi huyo ni Tantine Masika, dada wa marehemu baba yangu. Anakaa Vuhovi na ana miaka karibu themanini. Arusi hiyo hakuitaka. Binti yake wa pekee aliolewa zamani na mwanajeshi wa mbali, akaondoka naye, na mpaka leo amebaki kuwa sauti ya simu. Kwa hiyo alipoombwa kuja alitoa sharti moja, kila upande uvae kikwembe chake, kitenge cha peke yake.

"Miye hapana nitachanganywa na batu benye hapana ninajua," alisema.

Pande mbili zilikubali. Ila akina mama walitaka picha zipendeze, wakachagua vikwembe vya rangi moja, kahawia na njano, vyenye maua tofauti. Chetu kilikuwa na majani madogo, chao samaki wadogo, kila ua sawa na ukucha wa kidole cha mwisho. Kazi ya kushona nilipewa mimi, pande zote mbili. Blauzi ya Mama Georgette, mama wa bwana arusi, ambaye alikwisha kufika Oicha, niliimaliza kwanza nikaituma kwa dereva wiki moja kabla. Alinipigia kusema imefika. Akaniambia "Wasingya", asante ya Kinande, na sauti yake ilikuwa nzito. Nilidhani anajifunza lugha ya wakwe.

Vuhovi hadi Butembo

Jumatano nilikwenda kumchukua Tantine kwa moto, pikipiki ya kukodi. Nilimkuta amekaa nje na kikapu chenye kuku mzima, viazi na mafungu ya poro, vile vitunguu vya majani. Alikuwa amenisubiri tangu alfajiri, ingawa tulikubaliana saa nne. Shida ilianza pale alipotaka kukaa upande upande kwenye moto, miguu yote miwili kushoto.

"Mama, hapana kukaa vile. Utaanguka mu kilima," dereva alimwambia.

"Miye nilianza kukaa vile mbele baba yako azaliwe."

"Mbele baba yangu azaliwe, moto hapana zilikuwa."

Tantine alilifikiria hilo. Halafu akajifunga kikwembe cha pili kiunoni, akapanda kama wanavyopanda watu wengine, nami nikakaa nyuma yake na kuku mapajani. Kila tulipopita shamba alimtajia dereva mwenye shamba, babu yake, na ugomvi wa mpaka waliowahi kuwa nao. Dereva aliitikia "ee, mama" mpaka tukaingia Butembo. Kuku alinichafulia sketi yote.

Nyumbani kwangu umeme ulikuwa umekatika. Jioni alijaribu blauzi yake karibu na mlango, kwa mwanga uliobaki. Ilimkaa sawasawa, kifua na mabega. Nilimwambia, "Ni ile ya majani, Tantine." Aliinua mkono, akapitisha vidole juu ya kitambaa, akasogeza mbali, akasogeza karibu.

"Majani ni mazuri," akasema.

Nami nikaona fahari, nikakunja blauzi na kuiweka kwenye sac, mfuko wetu wa safari.

Butembo hadi Maboya, na kukaa Maboya

Alhamisi tuliondoka mapema kwa voiture, watu sita na dereva. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Tulipopita Maboya kidogo tukakuta magari yamejipanga kama yanangoja ubatizo. Lori la mbao lilikuwa limeteleza kwenye mteremko na kukaa kichwa upande huu, mkia upande ule, njia yote imefungwa. Ilikuwa saa tatu ya asubuhi. Tulitoka hapo saa nane.

Watu walivuta kwa kamba, wakachimba, wakabishana. Tantine alishuka akawaambia wakate mgomba, wauweke chini ya gurudumu. Walimheshimu kwa umri wake, wakakata mgomba wa mtu, wakauweka. Gurudumu liliutafuna ule mgomba, na lori likazama zaidi ya mwanzo. Mwenye mgomba alitokea wakati huohuo. Tantine alirudi garini taratibu, akafunga mlango, akaniambia mgomba wa huku chini hauna nguvu kama wa Vuhovi.

Hapo ndipo nilipopata kitu cha kwanza kizuri cha safari hii. Mama mmoja alikuwa anachoma mahindi, na kadiri foleni ilivyorefuka alihama na jiko lake kutoka gari hadi gari. Ukinunua hindi anakupa na nusu ya avoka, ameiponda na chumvi na pilipili, ameiweka ndani ya ganda la hindi lenyewe. Unapaka avoka juu ya hindi la moto unakula. Miaka yote nimekula mahindi na nimekula avoka, na sikuwahi kuvikutanisha. Nilikula matatu. Tantine alikula moja, akasema pilipili imezidi, kisha akaomba ganda langu lililobakiza avoka.

Katika kungoja, abiria mwenzetu, mama wa makamo, aliuliza tunakwenda wapi. Tantine alifurahi kuulizwa. Alitoa blauzi kwenye sac, akaitandaza mapajani.

"Yetu ni majani, yabo ni samaki," alimweleza. "Kila mutu na kwabo."

Yule mama aliigeuza blauzi. Akatazama kifua, akatazama mkono, akanitazama mimi.

"Ni weye ulishona?"

"Ni miye."

"Ni kazi ya akili," akasema, akairudisha.

Nilimshukuru. Nilifurahia neno hilo njia nzima mpaka Beni.

Beni, siku ya kutotembea

Tulifika jioni kwa binamu yangu Philomène, katika commune ya Ruwenzori. Kabla hatujanawa miguu alitupa habari kwamba kesho ni ville morte, mgomo wa mji mzima. Siku hizo mnazijua, hata hapa kwetu tunazo. Duka halifunguliwi, moto haipiti, na mwenye haraka anajifunza kukaa. Arusi ilikuwa Jumamosi, na kesho hiyo ilikuwa Ijumaa. Tulihesabu kwamba tukiondoka Jumamosi kukicha tutawahi, mradi njia iwe salama.

Mume wa Philomène, Papa Anselme, anauza miwani. Anatembea mjini na ubao mkubwa uliopangwa miwani kutoka juu hadi chini. Ijumaa hiyo, kwa kuwa hakuna kutembea, alikuwa amekaa uani ameegemeza ubao ukutani, anafuta vioo kimoja kimoja. Kila tukionana ananitania kuhusu macho, na kila mara ninamkwepa.

"Mutu wa sindano, kuya," akaniita. "Leo hapana kwa kukimbilia."

Wenzangu, sasa nakiri. Ni miaka mitatu sioni vizuri vitu vya karibu. Nyuzi zote mlizonitungia nikisema mikono ina mafuta, au simu inaita, au nimekata kucha vibaya, zote zilikuwa uongo. Niliogopa kwamba habari ikitoka, wateja watahamia kwenye cherehani nyingine. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na mimi nilikuwa nimejificha kwa ustadi.

Papa Anselme alinipa sindano na uzi mweusi. Miwani ya kwanza iligeuza uzi kuwa nyuzi mbili. Kwa ya pili nilitunga mara moja, bila kulamba uzi. Nilichomoa nikatunga tena, na tena, mara sita, na Papa Anselme akacheka mpaka ubao ukaanguka. Hapo ndipo nilipowatumia ile picha.

Ukipata macho unatafuta cha kutazama. Nilitazama mchele wa Philomène nikatoa mawe ambayo yeye hakuyaona. Nilitazama viganja vyangu. Mwishowe nikaingia ndani kuchukua blauzi ya Tantine, nione mishono yangu mwenyewe ilivyonyooka. Ilikuwa imenyooka kweli. Nikafuata majani ya kifuani, madogo, mazuri, kila jani na kikonyo chake. Nikafika begani, nikateremka kwenye mkono. Vikonyo vilikuwa mikia. Kila jani la mkononi lilikuwa na jicho.

Nilikaa kitandani. Nikakumbuka ile jioni ya kukata, umeme umekwenda, meza yangu ina mikono minne ya blauzi. Mama Georgette na Tantine wana mikono minene sawasawa, vipimo vyao vilikuwa karibu kipimo kimoja. Niliipanga miwili miwili kwa kukisia, nikashona. Kwa hiyo mikono ya Tantine ilikuwa samaki wa wakwe, na Mama Georgette kule Oicha alikuwa na majani yetu. Vipande vilivyobaki niliviacha Butembo. Kuitoa mikono na kumpeleka bibi wa miaka themanini kanisani mabega wazi haiwezekani. Maji yalikwisha kumwagika. Nikaelewa pia kwa nini yule mama wa Maboya alinitazama.

Nilimwita Philomène nikamwonyesha. Aliangalia, akaziba mdomo.

"Nyamaza," akasema. "Nani ataona?"

Nililipenda shauri hilo, sitawaficha. Nililitembeza kichwani saa mbili nzima. Lakini mama mmoja alikwisha kuona njiani. Kule arusini wangekuwa wengi, na Tantine angeambiwa mbele ya watu, na wageni wale wale asiotaka kuchanganywa nao, kwamba amevaa kikwembe chao. Sikuweza kumfanyia hivyo. Nilimkuta anachambua maharage, nikapiga magoti, nikamwambia yote.

Alichukua mkono wa blauzi. Akauleta karibu na pua, kisha akausogeza mbali.

"Ninaona," akasema. "Samaki."

"Ni macho yangu, Tantine."

"Tangu wakati gani?"

"Miaka tatu."

"Na unashonea batu."

Neno hilo lilinichoma kuliko angenipiga. Alikunja blauzi vizuri, pembe kwa pembe, akaniambia kesho atakwenda Oicha amwambie Kambale mu macho yake kwamba hamvushi mtoto, kisha atarudi Vuhovi. Jioni Philomène alipika sombe, majani ya muhogo, na samaki wa chumvi. Tantine alisema ameshiba. Nilikwenda jikoni nikalia, na moshi ulinisaidia kusingizia.

Beni hadi Oicha

Jumamosi njia ilifunguka. Tulipanda voiture ya kwanza. Tantine alikaa mbele, mimi nyuma, na tangu Ijumaa alikuwa hajanipa neno. Aliyekuwa anaongea ni kuku tu.

Kwenye barrière, kizuizi cha jeshi, tulisimamishwa. Mwanajeshi, kijana wa mbali kwa lafudhi yake, aliinama dirishani.

"Mbote, bamama. Muko naenda wapi na kuku?"

"Arusi, Oicha," nikajibu, maana Tantine alikuwa anatazama mbele.

"Arusi," akasema. "Dada yangu aliolewa mwezi huu. Nilisikiliza mu telephone. Nyimbo na ngoma tu, na batu banapiga kelele."

Hakuomba kitu. Alirudisha karatasi zetu, akaanza kuinua kamba. Tantine akamwita.

"Mama yako angali?"

"Angali, mama."

"Umupigie." Akafungua kikapu, akampa viazi viwili vya kuchemsha vilivyobaki. Yule mwanajeshi alivipokea kwa mikono miwili. Tuliendelea, na nilimwona Tantine anajifuta uso kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. Nilijua anamfikiria nani.

Baada ya kupita kijiji cha Mbau kakao inaanza, huku na huku. Imeanikwa kwenye maturubai kando ya njia, na harufu yake ni chachu, kama kasikisi, pombe yetu ya ndizi, iliyosahauliwa. Sisi watu wa viazi na poro hatuijui kazi hiyo. Nilikuwa nadhani kakao inanukia chokoleti.

Oicha, kwa Kambale

Kaka yangu alikuwa ameondoa kakao uani ili wageni wapate pa kukaa. Mke wake alitupokea, akapasua tunda moja la kakao, akatupa mbegu zake zenye utando mweupe tulambe, maana maji ya kunywa yalikuwa bado yanapoa. Ni tamu, na uchachu kidogo, unamumunya kisha unatema mbegu. Hicho ndicho kitu changu cha pili kizuri cha safari. Hata Tantine alimumunya, ingawa uso wake haukulegea.

"Kambale, kaa," akasema. "Niko na neno."

Kambale alikaa kwenye ukingo wa benchi. Mimi nilisimama mlangoni, miwani usoni. Kahindo alikuwa ndani anavalishwa. Nilisikia sauti yake anauliza kama Tantine amefika, na mtu akamjibu amefika, akacheka kwa furaha. Nilitamani ardhi inifiche.

Neno halijatoka, wakwe wakaingia. Walikuja mapema kwa sababu padri alikuwa na arusi mbili siku hiyo. Mbele yao alikuwa Mama Georgette, mwanamke mpana, mwenye mwendo wa taratibu. Kifuani kwake nilihesabu samaki, mikononi mwake majani. Hakutusalimia sote. Aliuliza shangazi mkubwa ni nani, akaonyeshwa, akaenda akachuchumaa mbele ya Tantine, akamshika mikono.

"Mama," akasema, "tulipotoka Kisangani batu balituambia Banande iko na sheria mingi, hata kukohoa utaomba ruhusa. Nilikuwa na woga. Miye niko na mutoto mumoja. Kazi ilimuleta hapa kwenu, na hapa njo atabakia. Nyinyi munasema munatoa binti. Lakini binti iko karibu na mama yake. Mwenye kuacha mutoto ni miye."

Wapishi walitoka nyuma ya nyumba, miiko mkononi.

"Kisha nikafungua hii blauzi," akaendelea. "Nikaona mikono ni ya kikwembe chenu. Hapana mutu alinielezea, lakini nilielewa. Nikasema, kumbe hawa batu bananiwekea nafasi kwabo. Nililia, vraiment. Ni desturi muzuri." Akatazama nguo ya safari aliyovaa Tantine. "Na yako, mama, iko na samaki yetu?"

Tantine alimtazama yule mama aliyechuchumaa, akamtazama muda mrefu. Mimi nilishika fremu ya mlango. Angesema kweli, arusi ingekwisha pale pale, na haki ingekuwa yake.

"Iko," akasema. "Iko mu sac. Kavira, leta."

Niliileta. Aliingia ndani, akatoka ameivaa. Alisimama katikati ya uwanja, akainua mkono mmoja ili wote waone.

"Njo hii. Kwetu mwili wa blauzi ni wa kwetu," akatangaza. "Mikono ni ya kupokea batu. Donc tunabadilisha."

Kambale aliangalia viatu vyake. Nina miaka hamsini na minne, nimeshona nguo za arusi tangu nikiwa msichana, na desturi hiyo sijawahi kuisikia. Wazee wawili wa ukoo wetu waliokuwa pale walitikisa vichwa kukubali, kama vile wameilinda tangu kwa babu zao.

Kisha aliingia kumchukua Kahindo. Alipofika naye kizingitini alisimama, akamwita Mama Georgette amshike mkono wa pili. Wakamvusha wote wawili, samaki upande mmoja na majani upande wa pili. Hapo nililia bila moshi.

Baada ya kanisa tulikula bundu, ugali wetu wa muhogo, na nyama ya mbuzi na wali, kasikisi ikapita. Kuku wa Vuhovi alipikwa kwa ajili ya Mama Georgette peke yake, kwa amri. Kambale alimsogelea Tantine akamwinamia sikioni.

"Tantine, hii desturi ilianza wakati gani?"

"Leo," akamjibu. "Kula."

Kurudi

Jumatatu tulirudi bila shida. Tope la Maboya lilikuwa limekauka, na ule mgomba uliotafunwa ulikuwa bado kando ya njia. Nilimwomba dereva asimame kwa mama wa mahindi. Tulikaa juu ya jiwe tukala. Tantine alikuwa amevaa blauzi yake. Jumapili aliifua, ikakauka, akaivaa tena, maana alisema ya safari imechakaa.

Alimaliza hindi lake, akafuta mikono.

"Nipe hizo lunettes zako."

Nilimvisha. Aliangalia kwanza gunzi. Halafu akaleta mkono wa blauzi mbele ya uso, akaugeuza polepole, akaugusa kwa kucha.

"Kumbe iko na macho," akasema.

"Nini, Tantine?"

"Samaki. Kila moja iko na jicho."

Sikuelewa mara moja. "Lakini kule Beni ulisema unaiona."

"Niliona njano. Weye ulisema ni samaki." Akavuta kifua cha blauzi, akainama kuyatazama na majani. "Na kwako, uliniambia majani, nikaamini majani. Si weye ni fundi?"

Nilianza kucheka, kisha nikaacha. Ningenyamaza kama alivyoshauri Philomène, yeye mwenyewe asingeona kitu. Kwa ghadhabu yote ile ya Beni aliwakasirikia samaki ambao hakuwaona, kwa sababu mimi nilimwambia wapo.

Aliinua uso wake, miwani bado puani, akanitazama. Alinitazama kama alivyomtazama Mama Georgette. Akanyoosha kidole akagusa ngozi ya kando ya jicho langu.

"Kavira," akasema. "Umezeeka."

"Ndiyo, Tantine."

"Ile uso yako niko nayo mu kichwa ni ya zamani, ya arusi yako. Juu ya nini hapana mutu aliniambia?"

Nilimshika kile kidole, tukakaa hivyo mpaka dereva akapiga honi.

Butembo nilimpandisha moto ya kwenda kwake, na miwani akaenda nayo usoni. Sikuidai. Papa Anselme ameahidi kunitumia nyingine kwa dereva, na mpaka sasa dereva huyo bado yuko njiani. Wakati huohuo mama mmoja wa parokia, ambaye jamaa yake alikuwa arusini Oicha, amekuja kuagiza blauzi mbili za arusi za kubadilishana mikono, "kama desturi". Nimepokea kazi. Sikumbishia.

Jana Tantine alinipigia. Nilidhani ni salamu. Akasema jirani amemwonyesha picha ya binti yake kwenye simu, picha iliyokuwako siku zote, na safari hii ameitazama yeye mwenyewe.

"Iko na mvi, Kavira," akaniambia. "Mutoto wangu iko na mvi."

Kisha akasema ile miwani hairudi.

Basi sasa mnajua. Marcelline, nitungie uzi. Mweusi.